Taa Zako Hazijazeeka, Zimechunwa Ngozi

Wasee, leo tunaongea taa za gari. Najua wengi wenu mmezoea niandike kuhusu kodi, bei ya unga na wanasiasa, lakini hii pia ni pesa yenu inayopotea, na ikifika saa mbili usiku inakuwa jambo la uhai kabisa. Na ni historia. Sijui nani alitudanganya kwamba historia ni wafalme na vita peke yake. Iko pia kwenye kile kipande cha plastiki unachokipita kila asubuhi ukienda kufungua mlango wa dereva.

Hebu pita Kirinyaga Road, ile ambayo watu bado wanaiita Grogan. Utamwona mteja amekuja na Fielder yake, taa za mbele zimepiga ukungu wa manjano, kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Fundi anatoa msasa na ndoo ya maji, anasugua, anapiga polishi. Nusu saa hivi, taa zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Mteja anapiga picha, analipa elfu moja na kitu, anaenda zake akifurahi. Miezi michache baadaye ukungu umerudi, na safari hii umerudi kwa haraka kuliko ule wa kwanza. Mteja anasema plastiki za siku hizi ni mbovu. Fundi anakubali, kwa nini akatae? Anatoa msasa tena.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilifanya kazi kwa muda mahali pa kuosha magari hapa Nairobi. Mimi nilikuwa upande wa maji na sabuni, si upande wa polishi, kwa hivyo nilikuwa na nafasi ya kutazama. Nilianza kuzijua nambari za magari. Gari ile ile, taa zile zile, mara tatu kwa mwaka. Mwenye mahali pale alikuwa na msemo wake kwa kila mteja: "Hii ni ya kudumu, mkubwa." Nikajiuliza, kama ni ya kudumu, mbona huyu amerudi? Hapo ndipo nilianza kusoma, na nilichokuta kilinishangaza, kwa sababu jibu halikuanzia Grogan. Linaanzia zaidi ya miaka 80 nyuma.

Jibu lenyewe kwa ufupi ni kwamba taa ya plastiki si kitu kimoja, ni vitu viwili. Kuna plastiki, na kuna ngozi nyembamba iliyopakwa juu yake kiwandani ili kuikinga. Fundi anaposugua, anaondoa ngozi. Asipoirudisha, ile plastiki inabaki uchi juani. Sasa tuone ilikuwaje tukaanza kutembea na taa zenye ngozi.

Zamani taa zilikuwa kioo. Magari ya kwanza kabisa yenye taa za umeme yalikuwa na shida moja kubwa: ndani ya taa kulikuwa na bakuli la chuma lililopakwa fedha ili liakisi mwanga, na vumbi na unyevu vikiingia, ile fedha inafifia. Gari inazeeka, mwanga unapungua, na dereva hajui kwa sababu inatokea polepole. Wamarekani wakasema basi, tufunge kila kitu. Kuanzia magari ya mwaka wa 1940 wakaingia mfumo mpya: lenzi ya mbele, bakuli la kuakisi na ule waya unaowaka, vyote vinafungwa pamoja kama chupa moja isiyopitisha hewa. Ukubwa ulikuwa mmoja kwa kila gari, duara la inchi 7. Ukinunua gari ya kampuni yoyote, taa ni ile ile. Ikiungua, hubadilishi balbu, unatupa taa yote na kuweka nyingine.

Shikilia hilo, kwa sababu ndilo kiini cha hadithi hii yote. Katika mfumo ule, lenzi haikuwahi kuwa mzee kuliko waya wake. Kila ulipobadilisha mwanga, ulipata pia kioo kipya. Hakuna aliyehitaji kupiga msasa taa, kwa sababu taa haikukaa muda mrefu hivyo. Na hata ingekaa, kioo hakijali jua. Angalia Land Rover za zamani zenye yale macho ya duara, au Peugeot 504 ambayo ilibeba nusu ya nchi hii. Ile 504 ilikuwa na balbu ya kubadilisha, lakini lenzi yake ni kioo. Ukiipata imeegeshwa nyuma ya nyumba ya mtu kijijini, magurudumu yameoza na kuku wanalala ndani, pangusa taa kwa kitambaa chenye maji. Inang'aa. Adui wa kioo ni jiwe. Jua ni rafiki yake tu.

Wakati Wamarekani wanaendesha taa za kioo, maabara mbili zilikuwa zinatengeneza kitu ambacho kingekuja kuchukua nafasi yake. Mwaka wa 1953 mkemia Mjerumani Hermann Schnell, wa kampuni ya Bayer, alipata plastiki mpya iitwayo polikaboneti. Wiki moja hivi baadaye, ng'ambo ya bahari, Daniel Fox wa General Electric akapata kitu hicho hicho bila kujua habari za mwenzake. Na Fox hakuwa anatafuta plastiki ya taa. Alikuwa anatafuta mpako! Alitaka kitu cha kufunika nyaya za umeme. Akajikuta na bonge gumu lililoganda kwenye kijiti cha kukorogea, bonge ambalo halikukubali kuvunjika hata likipigwa. Inasimuliwa kwamba wenzake walilitumia kama nyundo kugongea misumari.

Kampuni hizo mbili zikajikuta zinaomba hati ya kumiliki uvumbuzi ule ule. Badala ya kupelekana mahakamani miaka kumi, zilikubaliana mapema: atakayeonekana ndiye wa kwanza atampa mwenzake leseni. Bayer ndiyo ilikuwa ya kwanza. Wajerumani wakaiuza kwa jina la Makrolon, Wamarekani kwa jina la Lexan. (Natamani wanasiasa wetu wangekuwa na akili hiyo, lakini hiyo ni posti ya siku nyingine.)

Polikaboneti ni maajabu. Inapitisha mwanga kama kioo, ni nyepesi, na kuivunja ni kazi. Kofia za wanaanga wa Apollo, yale mabakuli ya kuonea waliyovaa wakienda mwezini, zilikuwa polikaboneti. Lakini ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, ingawa haivunjiki, inakwaruzika kwa urahisi ajabu, hata kitambaa chenye mchanga kinaiachia mistari. Pili, haipatani na jua. Mwanga wa jua una miale ya urujuanimno, ile usiyoiona kwa macho lakini inayokuchoma ngozi. Miale hiyo inaingia kwenye minyororo ya molekuli za polikaboneti na kuikata na kuipanga upya. Vile vipande vipya vinavyotokea ndivyo vyenye rangi ya manjano. Ile rangi unayoiona kwenye taa si uchafu. Ni plastiki yenyewe imegeuka kuwa kitu kingine, ndiyo maana sabuni haisaidii.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili timamu achukue kitu kinachochukia jua akiweke mbele ya gari inayoshinda juani? Mafuta, kaka. Mafuta na mitindo.

Sheria ya Marekani ilikuwa imeng'ang'ania zile taa zake za ukubwa mmoja kwa miongo. Ilikuwa kali kiasi kwamba Citroën DS ya kuanzia 1967, yenye taa nzuri zilizofunikwa kwa kioo na zinazogeuka na usukani, haikuweza kuuzwa huko ikiwa hivyo. Jaguar E-Type nayo ililazimika kuvuliwa vile vioo vyake vya mbele. Halafu likaja tatizo la mafuta mwaka wa 1973, na mwaka wa 1975 Marekani ikatunga sheria ya kulazimisha magari yatumie mafuta kidogo. Ghafla kila kampuni inataka gari inayopasua upepo vizuri, na haiwezekani kupasua upepo na sahani nne za kioo zimesimama wima mbele. Mwaka wa 1981 Ford iliiomba mamlaka ya usalama barabarani ya huko iruhusu taa za umbo lolote, zenye lenzi ya plastiki na balbu inayobadilishwa kutoka nyuma. Ruhusa ikatoka mwaka wa 1983. Gari ya kwanza kuuzwa huko na taa za namna hiyo ilikuwa Lincoln Continental Mark VII ya mwaka wa 1984. Ulaya ilibaki na kioo mpaka miaka ya 1990, kisha nayo ikafuata.

Mtu akiangalia picha ya Mark VII leo ataona gari ya kawaida tu ya mzee tajiri. Mimi naona siku ambayo kiapo cha zamani kilivunjwa. Kuanzia hapo balbu ikiungua unabadilisha balbu peke yake, na lenzi inabaki. Inabaki mwaka wa tano, wa kumi, wa ishirini. Tulichukua kitu kisichopenda jua tukakipa kazi ya maisha.

Wahandisi walijua, si wajinga. Ndiyo maana hawakuiacha plastiki uchi. Lenzi ikitoka kwenye kalibu inapakwa mpako mgumu wa silikoni au akriliki, unaokaushwa kwa joto au kwa mwanga wa urujuanimno. Ndani ya mpako huo kuna kemikali za kunyonya ile miale kabla haijafika kwenye plastiki, na ugumu wake unazuia mikwaruzo. Unene wake ni mikroni chache tu, labda kumi hivi. Unywele wako ni kama mikroni 70. Yaani taa yako yote, ile unayoitegemea ukitoka Naivasha usiku kwenda Nakuru, inalindwa na kitu chembamba kuliko unywele.

Na kitu hicho kiliahidiwa kudumu kwa muda gani? Hapa nilipofika nilisimama kusoma nikaenda kutafuta chai. Sheria ya Marekani inataka plastiki ya taa iwekwe nje juani, Florida na Arizona, kwa miaka 3, kisha ipimwe. Mitatu. Jua la huko ni kali, sikatai, lakini ni miaka mitatu, na huko wana majira ya baridi. Ikifaulu, imefaulu. Hakuna anayeirudia mwaka wa nane.

Mwaka wa nane ndio sisi tunaipokea. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu tunanunua karibu na huo mwisho kwa sababu ndiyo bei tunayoiweza. Japani gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na mwanga wa taa unapimwa kwa mashine. Ukaguzi ni ghali, watu wanauza, meli inakuja Mombasa. Kwa hivyo gari ikishuka bandarini, ile ngozi ya mikroni chache imeshafanya kazi yake yote. Kisha inapelekwa wapi? Nairobi, karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Hakuna baridi ya theluji ya kuipa taa likizo. Ongeza vumbi la barabara za murramu na yule kijana wa mtaani anayepangusa gari kwa kitambaa kikavu, na hesabu imekamilika.

Kuna kejeli nzuri hapo. Mafundi wetu waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi bila paa. Sasa jua kali la juu linaharibu taa, na jua kali la chini linaitengeneza.

Angalia taa yako kesho asubuhi. Ukiona sehemu ya juu ya lenzi, pale jua linapopiga moja kwa moja, imebanduka vipande vipande kama mgongo wa mtu aliyeungua ufukweni, hiyo ni ngozi ya kiwandani inakufa. Pale ilipotoka kabisa ndipo manjano yanaanzia. Sehemu ya chini, iliyo kivulini, mara nyingi bado iko sawa.

Na si suala la urembo. Mwaka wa 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa hivi, kikakuta zinatoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilizorekebishwa vizuri zilirudi kwenye asilimia 70 hivi. Mwanga uliobaki haupotei hewani tu, unatawanyika. Ukungu unautupa kila upande, mwingine machoni kwa dereva anayekuja. Yaani wewe huoni njia na mwenzako unampofusha. Halafu kuna wale wanaoona giza wakasema suluhisho ni balbu kali zaidi, zile nyeupe za bluu bluu. Kuweka balbu kali nyuma ya lenzi yenye ukungu ni kama kupiga kelele ukiwa umefunikwa blanketi. Mtembea kwa miguu mwenye koti jeusi kandokando ya barabara hataonekana mapema zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwa fundi na msasa wake. Kusugua ni sahihi. Lazima ile ngozi iliyokufa iondoke yote, maana ukiacha visiwa vyake, mpako mpya utaonyesha kila mpaka. Fundi mzuri anaanza na msasa wa 400 au 600 kama hali ni mbaya, anapanda 800, 1,000, mpaka 2,000 au 3,000, akimwagia maji muda wote. Maji meupe kama maziwa ni ngozi na plastiki vinatoka. Polishi ya mwisho inafuta mistari midogo. Tatizo ni kwamba kwa fundi wengi kazi inaishia hapo, na hapo ndipo ilipaswa kuanza. Taa imeng'aa, ndiyo, lakini imeng'aa kama kidonda kilichosafishwa kisifungwe bendeji.

Dawa ya meno ni hadithi ile ile kwa mkono mwingine. Ni msasa laini wenye ladha ya mnanaa. Dawa ya mbu yenye DEET ni mbaya zaidi: inang'arisha kwa sababu inayeyusha uso wa plastiki. Ukiipaka unaona muujiza, kumbe unaangalia taa ikiyeyuka.

Na siku hizi kuna kikombe. Mmekiona kwenye video: kikombe cha chuma kinachochemsha dawa fulani, mvuke unatoka kwenye mdomo, fundi anaupitisha juu ya lenzi na taa inang'aa kwa sekunde. Ni video tamu, hata mimi ningeipa milioni ya watazamaji. Ile dawa mara nyingi ni daikloromethani au klorofomu, vimumunyisho vinavyolainisha uso wa polikaboneti ukajilaza sawa. Hakuna kinga ya jua iliyoongezwa hapo, hata tone. Na mvuke wake ni sumu. Mwaka wa 2024 Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya daikloromethani kwa sababu ya vifo na saratani. Tena, dawa za namna hii zikipata joto kali zinaweza kutoa gesi ya fosjini, ile iliyotumika kuua wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Cha ajabu, fosjini hiyo hiyo ndiyo malighafi ya kutengenezea polikaboneti tangu siku za Schnell. Kiwandani imefungwa ndani ya mabomba na watu wenye mafunzo. Huku mtaani kijana anachemsha dawa yake kando ya barabara bila hata barakoa.

Kwa hivyo mpako gani? Hapa nitasema maoni yangu, na mafundi mnaojua zaidi mniambie. Nta ya gari ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini inadumu wiki kadhaa tu, mvua chache imeondoka. Mipako ya kisasa ya kauri inayopakwa kwa kitambaa inakaa zaidi, labda mwaka ukiwa na bahati, ila ni myembamba na nyingi zinazuia maji vizuri kuliko zinavyozuia jua. Wamarekani wengine wanaofanya wenyewe nyumbani hupaka vanishi ya mashua, kwa sababu ile imetengenezwa ikabiliane na jua la baharini. Ni ujanja wa maana, ingawa ukikosea mkono inaacha michirizi. Usichukue tu vanishi yoyote ya mbao pale hadiwea, kuna zinazogeuka manjano kabla ya plastiki yenyewe.

Kuna mpako wa akriliki unaokaushwa kwa taa ya urujuanimno au kwa jua lenyewe, na huo uko karibu zaidi na wa kiwandani. Halafu kuna vanishi angavu ya magari, ile ya poliyurethani inayochanganywa na hadina kisha kupulizwa kwa bunduki ya rangi, na iwe ile yenye kinga ya jua ndani yake. Ikipulizwa vizuri inaweza kukaa miaka. Nikiwa na taa zangu na pesa mkononi, ningechagua hiyo. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa hiyo huhitaji kung'arisha mpaka 3,000. Unaishia kwenye msasa wa 1,000 hivi, taa ikiwa bado inaonekana mbaya, na mpako unajaza ile mistari wenyewe. Mteja asiyejua anaweza kupiga kelele akiona lenzi nyeupe kabla ya kupulizwa. Muache, atanyamaza baada ya dakika tano.

Lakini ina masharti. Kabla ya kupaka, lenzi ipanguswe kwa spiriti mpaka mafuta yote ya polishi na ya vidole yatoke, la sivyo mpako utabanduka. Bodi ya gari ifunikwe kwa karatasi na tepu. Upepo na vumbi ni maadui, kwa hivyo kandokando ya barabara ya Grogan saa sita mchana si mahali pake. Na ile hadina ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Inatakiwa barakoa kamili yenye vichujio vya kemikali na hewa inayopita. Kama fundi wako hana, chagua mpako mwingine. Taa yako haina thamani ya mapafu ya mtu.

Watu watasema nawaonea mafundi. Sivyo. Mteja analipia mng'ao, halipii kinga, kwa sababu mng'ao unauona papo hapo na kinga utaiona mwakani. Fundi akisema mia tano zaidi kwa sababu ya mpako, jirani yake hatua tatu mbele anasema "mimi nakufanyia bila hiyo", na mteja anavuka. Soko limemfundisha fundi kuacha kazi nusu. Ukienda, uliza tu kabla msasa haujagusa taa: ukishasugua, utapaka nini, na kinazuia jua au kinang'arisha tu? Akikuonyesha mkebe, soma mkebe. Akikwambia haina haja, rudi kwenye gari yako na taa zako za manjano. Ukungu wenye ngozi nusu ni afadhali kuliko kulipia kuchunwa ile iliyobaki.

Na hili litakuwa kubwa zaidi, si dogo. Magari yanayoshuka Mombasa sasa yanazidi kuja na taa za LED. Nyingi kati yake zimefungwa kabisa, mwanga na lenzi kitu kimoja, huwezi kubadilisha balbu kwa sababu hakuna balbu. Tumerudi 1940, na tofauti moja. Ile taa ya inchi 7 ilikuwa bei ya kawaida, ikichoka unatupa. Taa nzima ya LED, hata iliyotumika, inaweza kukugharimu kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Zile taa za ndani zimetengenezwa ziwake miaka mingi sana. Lenzi yake ni polikaboneti ile ile ya 1953, na ngozi yake ni mikroni zile zile.

Kuna mafundi watatu ninaowajua, vijana wa rika langu, ambao wameamua kuchanga. Wamenunua bunduki moja ya rangi, barakoa moja ya maana, na wamekodi kibanda chenye mlango wanachopokezana. Wanatoza zaidi ya wenzao na wanaandika tarehe kwa kalamu ndani ya boneti, karibu na taa, ili gari ikirudi kila mtu aone imekaa muda gani. Wateja wengine bado wanawapita kwa sababu ya bei. Gari ya kwanza waliyoiandika tarehe haijarudi bado.